Abiria Asiyehesabiwa

Kabla Coaster ya Handeni haijatoka stendi ya Korogwe, konda hupita katikati ya viti akihesabu vichwa. Lazima hesabu yake ifanane na atakayompa tajiri jioni. Mwanafunzi anahesabiwa kwa bei yake, mzee anahesabiwa, na hata gunia la mahindi lina nauli yake na mahali pake. Anayerukwa ni mmoja tu, mtoto aliyepakatwa. Konda akishaona kwamba huyo ni wa mapajani, kidole chake kinahamia kiti kinachofuata.

Hakuna anayelalamika. Mama ndiye wa kwanza kufurahi, maana ameokoa pesa. Wala desturi hii si ya Korogwe peke yake: mashirika ya ndege karibu dunia nzima humruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili kusafiri mapajani mwa mzazi. Lakini matokeo yake kwa barabara zetu ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Tunapouliza kwa nini watoto wachanga hawana kinga ndani ya magari, huwa tunataja umaskini, ubovu wa barabara, au uzembe wa madereva. Yote hayo yamo. Mimi nadhani chanzo kiko nyuma zaidi: mtoto mdogo hajawahi kuwa abiria. Kwa kuwa hana nauli hana kiti, kwa kuwa hana kiti hana mkanda, na asiye na mkanda hana kifungu cha sheria. Amesafiri zaidi ya miaka mia moja kati ya Handeni, Korogwe na kwingineko kama sehemu ya mwili wa mama yake.

Kubeleka na kupakata

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kusafiri na mtoto. Kumbeba mgongoni kwa nguo ni kubeleka, na nguo yenyewe ni mbeleko. Kukaa naye mapajani ni kupakata. Vyote viwili vinahitaji mwili wa mtu mzima, na kila kimoja kilizaliwa na aina yake ya safari.

Kubeleka ni kwa anayetembea. Kwa vizazi vingi njia za Uzigua zilikuwa za miguu, na mama aliyetoka Handeni kwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya mto Pangani alikwenda na mwanawe mgongoni. Kwa mwendo ule, mbeleko ni kifaa kizuri sana. Mgongo wa mama unaegemeza kifua na tumbo la mtoto, nguo inashika makalio na mgongo wake, na uzito unagawanyika bila kulemea kiungo kimoja. Mtu anayetembea huenda kama kilomita tano kwa saa. Hata mama akijikwaa, mikono yake iko huru kujishika.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi kati ya 1911 na 1912. Handeni mjini haikufika, kwa hiyo aliyetaka garimoshi alilifuata Korogwe. Mashamba ya mkonge yakatanda kando ya reli hiyo, yakavuta vibarua na familia zao kutoka mbali. Ndani ya behewa mama hana haja ya kubeleka. Anaketi, anafungua mbeleko, anamzungusha mtoto mbele. Kupakata kukawa namna ya kusafiri.

Garimoshi lilivumilia kupakata. Lilikuwa na njia yake peke yake, halikupishana na lori kwenye kona, na uzito wake uliifanya breki yake iwe ya polepole. Tabia tuliyojifunza ndani ya behewa ilikuwa na usalama wake. Shida ilianza tulipoihamishia ndani ya lori, kisha basi, kisha gari dogo, bila kubadilisha chochote isipokuwa mwendo.

Barabara nazo zilibadilika zikiwavuta watu kwake. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na vingi viliwekwa kando ya barabara ili shule, zahanati na magari ya mazao yafike kwa urahisi. Anayepita leo kutoka Chalinze kwenda Segera anaona makazi marefu na membamba yaliyoshikamana na lami, Mkata na Kabuku kwa mfano, na watoto wanaocheza hatua chache kutoka yanakopita malori ya kwenda Arusha na Tanga. Katika muongo wa 2010 lami iliunganisha Korogwe na Handeni, kiasi cha kilomita 65 ambazo zamani zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mgonjwa aliyekuwa akifika hospitali amechelewa sasa anafika mapema.

Lakini lami iliondoa breki moja ambayo hatukuwa tukiihesabu. Mashimo yalikuwa yanamlazimisha dereva aende polepole. Sasa basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na gari dogo mara nyingi linazidi hapo. Kilomita 80 kwa saa ni mara 16 ya mwendo wa mama anayetembea. Nishati ya mwendo hupanda kwa mraba, kwa hiyo mtoto yuleyule, mwenye uzito uleule, anabeba nishati mara 256. Mikono inayomshika ni ileile.

Mifuko mitatu ya saruji

Hesabu ya mikono inafaa kufanywa polepole, kwa sababu hapa ndipo mapenzi na fizikia vinapoachana.

Chukua mtoto wa kilo 10, yaani wa karibu mwaka mmoja. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ule unaoandikwa kwenye vibao vya kuingilia vijijini, nalo linagonga kitu na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde. Ili mtoto asitoke mikononi, mama atahitaji kumzuia kwa nguvu ya kunyanyua kilo 140 hivi. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji, inyanyuliwe kwa mikono iliyokunjwa, bila onyo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa kilomita 80 inakuwa zaidi ya mifuko minne. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, wala baba. Kama mama mwenyewe hana mkanda, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu naye anarushwa mbele na uzito wake wote unambana mtoto kwenye kiti kilicho mbele yao. Kuwafunga wawili kwa mkanda mmoja hakusaidii: mkanda unamfanya mtoto kuwa mto kati yake na mwili wa mama.

Mwili wa mtoto mchanga una siri nyingine. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu ya saba au ya nane. Pingili za shingo yake bado hazijakomaa kuwa mfupa kamili. Zimeungwa kwa gegedu, na misuli yake ni dhaifu. Gari likigonga kwa mbele, kila kilichomo kinaendelea kwenda mbele. Mtoto aliyefungwa akitazama mbele, kifua chake kinazuiwa na mikanda lakini kichwa kinaendelea, na shingo ndiyo inayolipa. Mtoto aliyefungwa kwenye kiti kinachotazama nyuma anazama kwenye ganda la kiti. Kichwa, shingo na mgongo vinakwenda pamoja, na nguvu ya ajali inatandazwa juu ya mgongo mzima.

Msomaji atakuwa ameona kinachonivutia hapa. Kiti hicho kinafanya kazi ya mbeleko. Ndani ya nguo, mtoto ameegemea mgongo wa mama na uzito wake umegawanyika. Ndani ya kiti, ameegemea mgongo wa plastiki uliofungwa kwenye chuma cha gari. Wazo ni lilelile la kumpa mdogo mgongo mkubwa wa kuegemea, isipokuwa mgongo huu umetengenezwa kwa mwendo wa injini.

Mwaka 1964

Mwaka 1964 mitambo ya umeme wa maji ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kazi kwenye mto Pangani. Mwaka huohuo, mjini Gothenburg nchini Sweden, daktari aliyeitwa Bertil Aldman alijaribu kiti cha kwanza cha mtoto kinachotazama nyuma, akishirikiana na kampuni ya magari ya Volvo. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini, waliokuwa wakilazwa kwenye viti vilivyofuata umbo la mwili ili msukumo wa roketi uwalemee mgongoni. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1959, mhandisi wa Volvo aitwaye Nils Bohlin, aliyewahi kubuni viti vya kuwarusha marubani wa ndege za kivita nje ya ndege zao, alikuwa ameleta mkanda wa pointi tatu tunaoufahamu leo, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Volvo ilianza kuuza kiti cha mtoto cha kutazama nyuma mwaka 1972. Waswidi wakakizoea kiasi kwamba watoto wao wengi hukitumia mpaka wanakaribia miaka minne.

Ninaweka Hale na Gothenburg pamoja kwa sababu nchi hizi mbili hazikuwa mbali kama ramani inavyodai. Sweden ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanzania ya Nyerere. Kiwanda cha TAMCO kule Kibaha kiliunganisha magari ya Scania, na Scania ikawa jina la nyumbani kwenye barabara ya Segera. Malori ya Waswidi yalibeba mkonge wetu, na mabasi yao yalibeba ndugu zetu kwenda Arusha. Mashine zilifika, mafuta yakafika, fundi wetu akajifunza gia zake. Kiti cha mtoto hakikupanda meli ile. Hakuna aliyekizuia, ila hakukuwa na sababu ya kukileta. Aliyeagiza basi aliagiza viti vya wanaolipa.

Hata huko ng'ambo mtoto hakuingia kwenye hesabu kirahisi. Jimbo la Tennessee ndilo lililokuwa la kwanza nchini Marekani kuwalazimisha wazazi kutumia viti vya watoto, baada ya miaka ya kusukumwa na daktari wa watoto, Robert Sanders. Sheria ilipitishwa mwaka 1977 na kuanza kutumika Januari 1978. Lakini wabunge walichomeka kipengele kimoja: mtoto mdogo aliruhusiwa kusafiri mikononi mwa mtu mzima. Waliona ukatili kumnyang'anya mama mwanawe. Sanders alikiita kipengele hicho kiponda-mtoto, akakipigania mpaka kikaondolewa mwaka 1981. Ndani ya miaka michache majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Kila ninaposikia kwamba kiti cha mtoto ni mambo ya Wazungu, huwakumbuka wabunge wale wa Tennessee. Nao waliamini kupakata. Hawakuwa na hulka tofauti na mama zetu. Walikuwa na daktari msumbufu.

Picha iliyofutwa kwa mstari mwekundu

Ukitaka kukiona kiti kinachotazama nyuma hapa Korogwe, huna haja ya kwenda dukani. Ingia kwenye gari dogo lolote lililotoka Japani kama mtumba, keti kando ya dereva, na ushushe kibao cha kukingia jua. Mara nyingi utakuta stika yenye maandishi ya Kijapani na picha ndogo: mtoto kwenye kiti kinachotazama nyuma, mbele yake puto kubwa, na juu ya yote mstari mwekundu.

Picha hiyo ni onyo sahihi. Mfuko wa hewa ulio mbele ya abiria hufumuka kwa kasi kubwa sana, na ukikipiga kiti kinachotazama nyuma unaweza kumuua mtoto aliye ndani. Ndiyo maana kiti hicho huwekwa nyuma. Pale Japani, ambako viti vya watoto wa chini ya miaka sita vimekuwa vya lazima tangu Aprili 2000, mzazi anaijua nusu ya pili ya maelezo. Kwetu ilifika nusu ya kwanza tu, kwa lugha isiyosomwa. Kwa hiyo wengi wetu tumekutana na kifaa hiki kwa mara ya kwanza kikiwa kimepigwa marufuku.

Na kuna jingine ndani ya magari hayohayo. Kwenye mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000, ukipenyeza vidole kati ya sehemu ya kukalia na ya kuegemea kwenye kiti cha nyuma, utagusa vyuma viwili vigumu vilivyopinda. Ni vishikio vya ISOFIX, vilivyowekwa kiwandani ili kiti cha mtoto kikamatwe moja kwa moja na mwili wa gari. Tumekuwa tukivikalia kwa miaka. Ninavyojua mimi, matumizi yake makubwa kwenye njia ya Handeni ni kuficha sarafu zilizodondoka.

Niliyajua haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Anaishi Dar es Salaam, alijifungua mwaka jana, na mume wake alikuwa amenunua gari dogo la mtumba. Walitaka kumleta mtoto Handeni aonwe na mama. Dada anaamini mtu anayesoma shahada ya uzamili ya historia lazima awe na jibu la kila kitu, kwa hiyo akanipigia simu kuniuliza kama kiti cha mtoto ni lazima au ni mapambo. "Na hiki cha kutazama nyuma, mdogo wangu, mtoto si atatapika? Atanionaje?"

Nikasoma, nikamjibu nilichokipata. Mtoto hatapika kwa sababu ya kutazama nyuma. Hamwoni dereva, lakini mama anaweza kuketi pembeni yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama R129, iliyoanza mwaka 2013, inataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15 angalau. Mikanda ya kiti imbane kiasi kwamba huwezi kuifinya ikajikunja begani. Asinunue kiti kilichotumika ambacho hajui historia yake, kwa sababu kiti kilichopita kwenye ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na plastiki nayo huzeeka.

Mgumu alikuwa mama. Alipopigiwa simu na kusikia mjukuu wake atafungwa nyuma kama mzigo, alinitafuta mimi.

"Nyie wanne wote nimewapakata," alisema. "Korogwe, Dar, Tanga, kote. Na mko hai mnanibishia."

"Ni kweli, mama."

"Sasa mikono yangu ina kasoro gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama swali lake ni la mtu asiyejua. Amewavusha watoto wanne kwa njia aliyokuwa nayo. Kumwambia kwamba mikono yake haikutosha ni kama kumwambia mapenzi yake hayakutosha. Nilichoweza kumwambia ni hiki: sisi tulio hai ndio tunaotoa ushahidi kwamba kupakata ni salama, kwa sababu tumebaki kuusema. Wale ambao mikono haikuwatosha hawapo mezani kubisha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kiti chenyewe kinafuliwaje mtoto akikojoa.

Ajali haina kinga

Msemo huu, ajali haina kinga, husemwa baada ya mazishi, na hapo una kazi yake. Unamwondolea aliyebaki hatia. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu na waombolezaji kwenda Kilimanjaro. Watu 17 walifariki usiku huo, na idadi ikaongezeka baadaye. Watu walikuwa wanakwenda kuzika, wakazikwa wao. Mbele ya jambo kama hilo mtu hana budi kutafuta neno la kumfariji mwenzake, na neno lililokuwepo ni hilo. Wala sitaki kudai kwamba kiti cha mtoto au mkanda ungeushinda mgongano wa namna ile.

Lakini msemo wa faraja ukigeuka kuwa sera, unaua. Na Korogwe ni mahali pa mwisho nchini panapostahili kuuamini, kwa sababu Korogwe imewahi kusaidia kuukanusha.

Malaria nayo ilikuwa haina kinga. Mtoto aliugua, akapona au hakupona, na watu wakasema ni kazi ya Mungu. Kisha kati ya 2009 na 2014 Korogwe ikawa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto 15,459 walishiriki katika vituo vyote. Akina mama wa hapa waliwaleta wanao kliniki, wakarudi tena na tena kwa tarehe walizopewa, damu ikachukuliwa, hesabu zikafanywa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwenye mikono ya watoto wa Korogwe.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2004, nchi ilikuwa na hati punguzo: mama mjamzito alipewa karatasi kliniki, akaenda nayo dukani, akanunua chandarua kwa bei nafuu. Hakuna aliyesema chandarua ni anasa ya Wazungu, ingawa mwanzoni kilikuwa cha wenye nacho. Hakuna aliyemwambia mama kwamba mikono yake ingetosha kufukuza mbu usiku kucha. Serikali ilikubali kwamba mtoto anahitaji kifaa, kwamba kifaa kina bei, na kwamba bei hiyo si ya mama peke yake.

Kwa upande wa barabara hatujafika hapo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kuhusu mikanda, imekuwa ikimtazama dereva na abiria wa kiti cha mbele. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya taifa ya vizuizi vya watoto, na wanasheria, wakiwemo wa TAWLA, wamedai kwa miaka kwamba sheria ibadilishwe. Shirika hilohilo linasema kizuizi kinachotumiwa ipasavyo kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa hadi asilimia 71. Chanjo nyingi zingetamani namba hiyo.

Kuna sababu ya kuwa waangalifu na sheria itakayonakiliwa tu. Afrika Kusini ilifanya viti kuwa lazima kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mwaka 2015, lakini ikaviacha nje vyombo vya usafiri wa umma vya aina ya vipanya na mabasi. Mtoto wa mwenye gari akapata sheria. Mtoto wa abiria akabaki mapajani. Hapa kwetu sheria ya namna hiyo ingemfikia mpwa wangu, ambaye tayari ana kiti. Isingemfikia mtoto anayekwenda Handeni kwa Coaster au Noah, wala yule anayepanda bodaboda amebanwa kati ya dereva na mama yake kama nyama ya mshikaki.

Kwa hiyo ningependa tuanze na hesabu ya nauli. Mamlaka inayopanga nauli, LATRA, inaweza kumtambua mtoto mchanga kuwa abiria mwenye haki ya kiti, kwa nauli ndogo au bila nauli, na ruzuku ikatafutwa kama ilivyotafutwa ya chandarua. Basi linalokwenda Arusha linaweza kutakiwa kuwa na viti viwili au vitatu vyenye mkanda wa pointi tatu, vya kufungia kiti cha mtoto. Vituo vya afya vinaweza kuazimisha viti hivyo, mzazi akavirudisha mtoto akikua. Kila moja ya hatua hizi ni ya kawaida kuliko kuendesha majaribio ya chanjo, na wilaya hii imeyaweza hayo.

Na kwa anayesafiri kesho, kabla ya yote hayo? Mama afunge mkanda wake mwenyewe, bila kumzungushia mtoto. Asikae kiti cha mbele kando ya dereva na mtoto mapajani. Kwenye gari dogo lenye nafasi, kiti cha mtoto kiwe nyuma na kitazame nyuma. Anayeweza kumwambia dereva apunguze mwendo, amwambie, hata akinuniwa na gari zima.

Kadi ya kliniki ya mtoto ina mahali pa uzito, mahali pa chanjo, na tarehe ya kurudi. Nesi anapoijaza, mama huwa tayari ameifunga mbeleko na anatazama mlango, kwa sababu gari la kurudi kijijini halisubiri. Hapo kuna nafasi ya swali moja zaidi, ambalo halihitaji bajeti wala muswada: leo mtoto huyu anarudi nyumbani kwa usafiri gani, na ameketi wapi?